Mtemi Mirambo na watoto waliosoma kwa miguu

Katika kipindi chetu cha malezi kuna swali linalorudi karibu kila wiki. Linakuja kwa ujumbe wa simu, leo kutoka Urambo, kesho Sikonge, keshokutwa Nzega. Mzazi anauliza: mtoto anayeshinda akikimbia, akiruka kamba na kucheza kombolela hadi giza liingie, si anapoteza muda wa masomo? Tukimjibu huyu, wiki inayofuata analileta mwingine.

Safari hii hatutajibu kwa maelezo ya wataalamu peke yake. Tutasimulia maisha ya mtu wa hapa hapa kwetu, Mtemi Mirambo. Jina lake wengi tunalo mdomoni. Kambi ya jeshi pale Tabora mjini imepewa jina lake, na Dar es Salaam kuna Mtaa wa Mirambo. Shuleni tulimsoma kama mpiganaji aliyewatikisa wafanyabiashara wa Kiarabu, tukafanya mtihani, tukasahau. Lakini ukiyafuata maisha yake taratibu utaona kwamba nguvu yake haikuanzia kwenye bunduki. Ilianzia kwa namna watoto wa Unyamwezi wa wakati ule walivyofundishwa dunia kwa miili yao, kwa kutembea, kubeba, kukimbia na kuimba. Utaona pia kwamba elimu ile ilikuwa na upande wa giza, nao hatutauficha.

Mirambo alizaliwa kwenye mwaka 1840 hivi, katika utemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Baba yake, Kasanda, ndiye aliyekuwa mtemi wa Uyowa. Jina la kuzaliwa la mtoto lilikuwa Mbula Mtelya. Hilo la Mirambo, lenye maana ya maiti nyingi, ni jina la vita, alilipata ukubwani. Uyowa haukuwa utemi mkubwa. Unyamwezi wote wakati huo ulikuwa umegawanyika katika temi nyingi ndogo, kila moja na boma lake, mashamba yake na ugomvi wake na jirani.

Kilichozifanya temi hizo zijulikane hadi Unguja ni barabara. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukapanda hadi Mpwapwa, ukakatiza Ugogo penye shida ya maji na hongo nzito, kisha ukaingia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, ambapo wafanyabiashara Waarabu walikuwa wamejenga matembe yao mahali palipoitwa Kazeh. Hapo njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya miguu. Misafara mingi ilitumia karibu miezi mitatu, mingine zaidi. Hapakuwa na gari wala punda wa kutegemewa, kwa sababu mbung'o waliwamaliza wanyama njiani. Kila kitambaa, kila shanga na kila pembe ya ndovu ilisafiri begani au kichwani mwa binadamu.

Na binadamu huyo mara nyingi alikuwa Mnyamwezi. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Pembe kubwa kuliko zote walipewa wenye nguvu, nao waliona fahari. Walifunga kengele kwenye ncha ya pembe, na njuga miguuni, ili msafara usikike kabla haujaonekana. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye kujua njia, amevaa vazi la kumtambulisha. Watu wakafuata kwa mstari mmoja, wakiimba.

Novemba 1857 alifika Kazeh Mwingereza Richard Burton, akiwa na mwenzake Speke. Mirambo wakati huo alikuwa kijana wa miaka kama 17. Burton aliandika mambo mengi kuhusu Unyamwezi, mengine ya dharau, lakini alikuwa na jicho la kuona. Moja aliloliona ni kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka 6 au 7 walikuwa tayari wanabeba begani pembe ndogo ya ndovu. Kwa Wanyamwezi, aliandika, kazi ya upagazi ilikuwa kipimo cha uanaume. Akahitimisha kuwa watoto hao ni wapagazi kwa kuzaliwa, kama vile mbwa wa kuwinda anavyozaa mbwa wa kuwinda.

Hapo ndipo tunapotofautiana naye. Hakuna mtoto anayezaliwa anajua kubeba pembe. Burton alikuwa anaangalia darasa, ila hakulitambua kwa sababu halikuwa na ukuta.

Hebu tulitazame darasa hilo. Mtoto anapewa pembe ndogo, si kubwa. Akiiweka begani vibaya inamvuta upande mmoja, anayumba. Anairekebisha. Kesho haimvuti tena. Tayari amejifunza mizani ya mwili wake, kulia na kushoto, mbele na nyuma, na hakuna aliyemwambia neno. Akitembea nyuma ya watu wazima inabidi alinganishe hatua yake na ya wengine, na wimbo ndio unaomsaidia. Wimbo unampa hesabu bila kumtajia namba. Akichoka anajifunza kupumua. Akifika kijiji cha pili anakuta maneno mengine, desturi nyingine, na kisima kilipo. Kidogo kidogo ramani inaingia kichwani kupitia nyayo. Kiswahili chenyewe kiliingia bara kwa njia hiyo, kikiwa midomoni mwa watu waliotembea.

Wataalamu wa leo wamefika mahali hapo hapo kwa njia yao. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyechunguza watoto kwa miaka mingi katika karne iliyopita, alieleza kwamba katika miaka miwili ya mwanzo mtoto anafikiri kwa kushika, kuvuta, kutambaa na kuonja. Akili yake iko mikononi na miguuni kabla haijawa na maneno. Baadaye pia kuandika kunategemea mwili. Vidole haviwezi kuongoza kalamu vizuri kama bega na mkono havijaimarika, na bega huimarika kwa kurusha, kupanda na kuning'inia. Mtoto aliyezoea kuruka kamba huku akihesabu anakutana na hesabu ya darasani kama mtu anayemfahamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate walau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za shughuli inayomfanya ahemee. Kombolela na rede vinatosha kabisa. Hakuna haja ya kununua kitu.

Ila tusieleweke vibaya. Hatusemi mtoto wa miaka sita atwishwe ndoo ya lita 20 kisha tuite elimu. Pembe ile ilikuwa ndogo, na ilikuwa inaendana na umri. Mzigo unaozidi mwili haumfundishi mtoto kitu, unamuumiza mgongo.

Turudi kwa Mirambo. Katika miaka ya 1850 waliingia Unyamwezi watu waliojulikana kama Watuta. Hao ni tawi la Wangoni, wale waliotoka kusini mwa Afrika baada ya vita vya kina Shaka. Walikuwa na namna yao ya kupigana. Vijana walipangwa kwa rika, walikwenda kasi, walishambulia kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja. Wanyamwezi wengi waliwaogopa. Mirambo aliwasoma. Baadaye alishirikiana nao vitani, na mbinu zao akazifanya zake.

Alichukua utemi wa Uyowa angali kijana, baada ya baba yake kufariki, akauunganisha na Ulyankulu. Kuanzia hapo akaanza kuvuta temi za jirani, moja baada ya nyingine, kwa vita au kwa makubaliano. Jeshi lake liliitwa ruga-ruga. Walikuwa vijana waliovaa vitambaa vyekundu na manyoya, wengi wao wakiwa wamelelewa kwenye maisha ya safari na mzigo.

Stanley, yule mwandishi wa habari wa Marekani aliyekuja kumtafuta Livingstone, aliandika mwaka 1871 kwamba Mirambo zamani alikuwa mpagazi wa Mwarabu. Habari hiyo aliipata Tabora kwa Waarabu, ambao walikuwa na kila sababu ya kumshusha adui yao. Walidhani wanamtukana. Kwa Mnyamwezi wa wakati ule, kumwambia mtu kwamba amebeba mzigo hadi pwani na kurudi ni kumsifu.

Vita kubwa ilianza mwaka huo wa 1871. Mirambo alitaka wafanyabiashara wanaopita kwake kwenda Ujiji walipe hongo kama walivyolipa kwa wengine, na alikuwa na ugomvi na Unyanyembe, utemi uliokuwa ukiwakumbatia Waarabu. Msafara mmoja ulilipa baruti, bunduki na vitambaa, na bado akaukatalia kupita. Waarabu wa Tabora wakakusanya zaidi ya watu 2,000, Stanley akiwa miongoni mwao, wakaenda kumwadhibu.

Tarehe 4 Agosti waliteka boma la Zimbizo. Siku mbili baadaye kikosi kikaendelea hadi Ulyankulu, kikiongozwa na kijana wa Kiarabu aliyeitwa Soud. Boma lilitekwa. Wakapata pembe za ndovu, vitambaa na mateka, wakajitwisha na kuanza kurudi kwa furaha. Mirambo alikuwa ametoka bomani na watu wake. Hakukimbia mbali. Aliwalaza kwenye majani marefu pande zote mbili za njia, akasubiri. Msafara ulipofika katikati, watu wamelemewa na mizigo, mstari umerefuka, mikono haiko kwenye bunduki, majani yakainuka. Soud aliuawa na Waarabu waliokuwa naye.

Ukilisikiliza tukio hilo kwa sikio la mtu aliyekulia kwenye barabara ya misafara, utaelewa kilichotokea. Mirambo alijua mtu mwenye frasila mbili begani anageuka kwa kasi gani. Alijua mstari wa wapagazi unarefuka kiasi gani wanapochoka, na mahali gani watainamisha vichwa. Mambo hayo hayakuwa kwenye kitabu chochote. Aliyajua kwa mwili.

Baada ya siku chache, mwezi huo huo, akaishambulia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu mashuhuri wa mji, alitoka kumkabili akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa. Stanley alikuwa Kwihara, ambako leo kuna makumbusho ya Livingstone, akiuona moshi na kutoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe. Mwishowe alilazimika kuizunguka nchi ya Mirambo kwa kusini ndipo afike Ujiji, Novemba 1871. Vita iliendelea kwa miaka kadhaa. Bei zilipanda, misafara ikakwama, na watu wa kawaida wa pande zote mbili walikimbia mashamba yao.

Sasa tunafika kwenye upande wa giza tuliousema.

Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo ana kwa ana katika mji wa Serombo. Alitegemea kuona jambazi. Akakuta mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye umri wa miaka kama 35, nao wakafanya undugu wa kuchanjiana damu. Huyo huyo Stanley ndiye aliyemfananisha na Napoleon Bonaparte wa Ufaransa. Lakini lililotushika sisi ni habari ya jeshi lake. Lilikuwa jeshi la vijana wadogo. Mirambo alimweleza kwamba haendi vitani na watu wazima wala wenye wake na watoto. Anachukua vijana, kwa sababu macho yao ni makali zaidi na viungo vyao ni vyepesi. Mwenye mke na mali huanza kufikiria asije akafa. Kijana hana cha kumrudisha nyuma.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Miguu ile iliyofundishwa kwa pembe ndogo na wimbo, hatua zile zilizojua kulingana, sasa zilikuwa zinapelekwa kwenye maboma ya majirani alfajiri. Wengi hawakurudi. Na walioshambuliwa nao walikuwa na watoto waliouawa, au waliochukuliwa mateka na kuuzwa kwenye barabara ile ile. Mirambo alikuwa na akili kubwa ya utawala, na tunajivunia kwamba alisimama na kusema barabara hii inapita kwetu na sisi tuna neno. Lakini tukimsifu kwa vijana wake bila kuuliza vijana hao walikwenda wapi, tutakuwa tumesimulia nusu.

Inaelekea yeye mwenyewe alitaka kitu kingine katika miaka yake ya mwisho. Vita na Tabora ilipopoa aligeukia biashara. Mwaka 1879 alimpokea Urambo mmisionari Ebenezer Southon wa Shirika la Misheni la London, ambaye alikuwa daktari. Southon alitibu watu, akaandika habari za mtemi na nchi yake, akawa karibu sana na mwenyeji wake. Hakudumu. Mwaka 1882 alipigwa risasi mkononi kwa bahati mbaya, jeraha likaharibika, akafariki.

Kabla ya hapo, mwaka 1880, lilitokea jambo lililomharibia Mirambo jina kwa Waingereza. Jeshi lake likiwa vitani huko Mpimbwe, waliuawa Wazungu wawili, Carter na Cadenhead. Waingereza wa Unguja, waliokuwa wameanza kumwona kama rafiki, wakamwekea kisogo.

Huyo Carter ana kisa chake, na hatuwezi kukiruka. Alikuwa ameletwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji akiwa na tembo wa kutoka India, waliofundishwa kubeba mizigo. Wazungu walikuwa wanatafuta njia ya kuachana na mpagazi wa Kinyamwezi, ambaye kwao alikuwa ghali, mbishi, na anajua thamani yake. Tembo walipandishwa kutoka pwani kwa njia ile ile ya misafara. Wakafa. Mnyamwezi akaendelea kutembea.

Mirambo mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa ikulu. Karibu kila kiangazi alikuwa njiani na jeshi lake, magharibi hadi Uvinza, kaskazini, kusini. Utawala wake ulikaa pamoja kwa sababu yeye hakutulia, na wanahistoria wengi wanaona huo ndio udhaifu wake. Hakukuwa na kitu kingine kilichoushika. Maradhi ya koo yalimshika, yakazidi, na tarehe 2 Desemba 1884 akafariki akiwa vitani Ukune, na miaka kama 44. Ndugu yake, Mpandashalo, akarithi kiti. Watemi waliokuwa wametiishwa wakaanza kujitoa mmoja mmoja, na Wajerumani walipofika Tabora mwaka 1890 hapakuwa tena na dola ya Mirambo ya kupigana nayo.

Barabara haikufa naye. Kwa zaidi ya miaka 25 baada ya kifo chake, Wanyamwezi waliendelea kushuka pwani na mizigo begani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ikipita Urambo, katikati ya nchi yake. Pembe na vitambaa vikahamia kwenye mabehewa, na watoto wa Unyamwezi wakaacha kubeba pembe ndogo.

Kamba na kombolela walibaki navyo. Mzazi wa Sikonge uliyetuandikia Jumatatu, mwanao akirudi jioni na vumbi hadi masikioni, mnawishe miguu, mpe chakula, kisha muulize amehesabu kamba ngapi leo.